Tusiwapokonye Watoto Mieleka ya Barakoa

Mchezea zuri, baya humfika. Msemo huu ulitajwa mara tatu, na wasemaji watatu mbalimbali, katika mkutano wa wakaazi wa mtaa wetu hapa Syokimau Jumapili ya juzi, na kila ulipotajwa macho ya watu yalinigeukia mimi. Sababu yenyewe ni hii. Mvulana wa miaka kumi alikuwa amepanda juu ya ukuta wa nyumba ambayo ujenzi wake umekwama, akajirusha kutoka huko juu kumwendea mwenzake aliyesimama kwenye rundo la mchanga, akamkosa, akaangukia mkono. Mkono ukavunjika mahali pawili. Usoni alikuwa amevaa barakoa iliyoshonwa kwa kitambaa cha pazia kuukuu, na pazia hilo, msomaji mpenzi, lilitoka nyumbani kwangu.

Mkutano ulikuwa mkali. Mama wa mtoto aliyeumia hakupaza sauti, na hilo lilinichoma zaidi kuliko lau angenitukana. Alisema tu, "Mwalimu, sisi tulikuachia watoto wakati wa likizo tukijua unawasomesha." Waliopaza sauti ni wale ambao watoto wao hawakuguswa hata ukucha. Mmoja alitaka kinyozi wa pale kituoni akatazwe kuonyesha mieleka katika televisheni yake. Wa pili akataka mtoto yeyote atakayeonekana na barakoa anyang'anywe na mzazi wake atozwe faini. Wa tatu, bwana mmoja avaaye suti hata jua likiwa la utosi, aliinuka akanena kwa Kiingereza kisha akajitafsiri mwenyewe: kwamba ni aibu kwa mtu wa umri wangu kuwajaza watoto fujo, tena fujo za uongo, ambazo mshindi wake hupangwa kabla ya kengele kulia.

Kosa la pazia nalikiri. Mimi ndimi niliyelikata, mimi ndimi niliyewasimulia wavulana wale, na mjukuu wangu miongoni mwao, habari za mashujaa wa Mexico, na sikuwaambia mapema kwamba mashujaa hao huanza kwa kufundishwa namna ya kuanguka. Gharama ya hospitali nimeichangia na nitazidi kuichangia. Lakini neno la yule bwana, "fujo za uongo", limenikaa kooni kama mwiba wa samaki, na kwa kuwa mwenyekiti alinipa dakika mbili tu za kujitetea, namwomba mhariri nafasi iliyo pana zaidi.

Mapenzi yangu kwa mchezo huu ni ya miaka mingi. Katika miaka ya 1990, tulipokuwa tukitazama televisheni moja kwa nyumba kadhaa, mieleka ya Kimarekani ilikuwa ikionyeshwa na KBC, nasi tulijazana sebuleni kwa jirani hadi watoto wakakalia madirisha. Niliipenda, ila kwa kiasi. Wale walikuwa majitu, mapande ya watu kama makabati, na pigano lao lilikuwa la kabati kugongana na kabati. Ndipo rafiki yangu mmoja, dereva wa lori aliyezoea kulala Mlolongo akisubiri zamu yake ya mizani, aliponiazima kanda ya video ambayo yeye mwenyewe hakujua ilikotoka. Watangazaji walisema Kihispania, nami sikuambulia hata neno. Niliowaona humo hawakuwa majitu. Walikuwa wafupi, wengine wafupi kuniliko, nami si mrefu. Nyuso zao zilifunikwa kwa vitambaa vya rangi za fedha, buluu na dhahabu, na waliruka. Walikanyaga kamba ya juu ya ulingo kama ndege anavyokanyaga tawi, wakapinduka hewani, wakatua vifuani mwa adui zao walio nje ya ulingo.

Mimi ni Mkamba wa milimani. Nimekulia penye ngoma ambayo vijana huruka mapindu juu ya vichwa vya wenzao, na nyanya yangu alijua kumpima kijana kwa namna anavyotua, si kwa namna anavyopaa. Kwa hiyo nilipowaona watu wale wa Mexico sikuhisi ugeni wowote. Nilihisi nimerudi uwanjani kwetu, ila safari hii wachezaji wamejifunika nyuso.

Wamexico wenyewe huuita mchezo huo lucha libre, yaani mapambano huru. Ulipata mwili wake wa sasa mwaka 1933, Salvador Lutteroth alipoanzisha kampuni ya kuandaa mapigano hayo jijini Mexico. Ukumbi wao mkuu, Arena México, ulifunguliwa mwaka 1956 na huchukua watazamaji wapatao 16,000. Pigano la desturi huamuliwa kwa maanguko mawili kati ya matatu. Wapiganaji wamegawanyika makundi mawili: wapo técnicos, watu wa ufundi wanaofuata kanuni, na wapo rudos, wakorofi wanaouma, wanaovuta nywele na kumpiga mtu refa akiwa amegeuza kisogo. Usidhani kwamba watazamaji wote huwashangilia wema. Upo upande mzima wa ukumbi unaowapenda wakorofi na kuwapigia makofi kwa kila ufidhuli, na nadhani kila mtu aliyewahi kupanda matatu za njia yetu anaweza kuelewa kwa nini.

Kuhusu barakoa, mojawapo ya zile za kwanza ilishonwa katika miaka ya 1930 na fundi wa viatu, Antonio Martínez. Halafu akaja mtu aliyeifanya barakoa kuwa uso. Jina lake la kuzaliwa ni Rodolfo Guzmán Huerta, lakini tangu mwaka 1942 alipoingia ulingoni na barakoa ya rangi ya fedha, watu walimjua kwa jina la El Santo, Mtakatifu. Alipigana kwa takribani miaka arobaini. Alicheza filamu zaidi ya hamsini, akipambana na wanyonya damu na maiti zilizofufuka, na hata humo hakuivua. Mapema mwaka 1984, akiwa amekwisha kustaafu, alifunua sehemu ya uso wake katika kipindi cha televisheni, kwa nukta chache tu. Siku chache baadaye, tarehe 5 Februari, alifariki dunia kwa maradhi ya moyo. Alizikwa na barakoa yake.

Nililiwaza sana jambo hilo. Mtu aliyeishi maisha ya umaarufu usio kifani, akaweza kwenda sokoni bila kutambuliwa na yeyote! Katika nchi yetu, ambamo diwani aliyechaguliwa juzi hutaka picha yake ibandikwe hata kwenye tangi la maji, habari kama hiyo ni ngeni kabisa.

Pigano kubwa kuliko yote huko ni lile ambalo wawili huwekeana barakoa rehani. Atakayeshindwa huivua mbele ya umati, na haitoshi kuivua. Desturi humtaka ataje jina lake halisi, mahali alikotoka, na miaka aliyoifanya kazi hiyo. Mnamo Novemba 1952 El Santo alimshinda Black Shadow kwa namna hiyo, na pigano hilo linatajwa hadi leo. Nimeyatazama mapigano ya aina hiyo mara nyingi katika kanda na katika simu ya mjukuu wangu. Ukumbi uliokuwa ukivuma kama mzinga wa nyuki hunyamaza. Mtu mzima, pengine mwenye damu shavuni, hufungua kamba za kisogoni kwa vidole vinavyotetemeka, na unapotokea uso, huwa ni uso wa kawaida tu: wa fundi, wa baba mwenye watoto, wa jirani. Hulitamka jina lake kana kwamba analisikia kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyemwonea, na alikubali mwenyewe. Hata hivyo nimewaona watu wazima wakilia, nami si wa kuwacheka.

"Lakini imepangwa!" atasema yule bwana wa suti. Naam, imepangwa. Anayedhani kwamba mtazamaji wa mieleka hajui hivyo anamdharau bure. Mshindi huamuliwa kabla, na mtazamaji huijua siri hiyo jinsi msikilizaji wa hadithi ajuavyo kwamba Sungura hataliwa na Fisi. Halipii kiingilio ili ajue nani atashinda. Hulipia ili aone jinsi mtu anavyoanguka, anavyoinuka, anavyosaliti na anavyosalitiwa, yote yakitendwa wazi na kwa viungo vya mwili, na jioni hurudi nyumbani akiwa hajadanganywa na mtu.

Sasa nimwulize bwana huyo, tena kwa heshima. Jirani yetu upo mji wa Mlolongo, na husemekana kwamba ulipata jina hilo kwa safu ya malori yanayongoja mizani. Lakini mtu wa rika langu hawezi kulisikia neno mlolongo asikumbuke mwaka 1988, tulipotakiwa kuwachagua wagombea kwa kupanga foleni nyuma yao. Niliipanga. Foleni ya mtu wetu ilizunguka uwanja wa shule, ikatokea langoni, ikateremka hadi njia ya mtoni. Ya mpinzani wake ungeweza kuihesabu ukiwa umesimama kwa mguu mmoja. Jioni alitangazwa mpinzani. Mambo kama hayo yalitokea mahali pengi nchini mwaka ule, na mtindo huo ukaja ukaondolewa. Siku hiyo hakuna aliyevaa barakoa. Nyuso zote zilikuwa wazi, kengele haikulia, na tuliambiwa kwamba shindano lilikuwa la kweli. Fujo za uongo nazijua mimi, na sikufundishwa na Wamexico.

Wala uongo huo wa ulingoni si wa kila kitu. Mshindi hupangwa, lakini sakafu haipangwi. Usiku wa tarehe 20 Machi 2015, mjini Tijuana, mpiganaji aitwaye Hijo del Perro Aguayo, mwenye umri wa miaka 35, alipigwa teke na Rey Mysterio, yule mfupi wa barakoa ambaye vijana wetu wanamjua kuliko wanavyomjua gavana wao. Teke lenyewe lilikuwa la kawaida, la kazini. Aguayo akaangukia kamba za ulingo na akabaki ananing'inia hapo. Pigano liliendelea kwa muda, kwa sababu wengi walidhani kwamba anaigiza. Shingo ilikuwa imeumia, na alikata roho hospitalini kabla ya mapambazuko. Kisa hiki ndicho nilichopaswa kuwasimulia wavulana kabla ya kisa cha El Santo. Sikukisimulia, kwa kuwa nilitaka wafurahi. Hapo ndipo lilipo kosa langu, wala si kwenye pazia.

Lakini kuna habari nyingine ambayo niliwasimulia, na siijutii. Tarehe 19 Septemba 1985 tetemeko kubwa la ardhi liliupiga mji wa Mexico. Maelfu ya watu walikufa, na majumba ya wapangaji maskini katikati ya mji yakaanguka au yakabaki na nyufa. Waliosalimika walijikuta wakitishwa kufukuzwa katika vyumba walivyoishi miaka mingi kwa kodi ndogo. Mwaka 1987 akatokea mtu aliyevaa barakoa nyekundu na ya manjano, suruali ya kubana na joho, akijiita Superbarrio Gómez. Kazi yake kuu haikuwa ya ulingoni. Alikuwa akienda mahali panapotaka kufukuzwa watu, akisimama pamoja na wapangaji. Aliongoza maandamano yao, akaingia katika ofisi za wakubwa kuwasemea, na barakoa usoni. Wakubwa wakalazimika kuzungumza na mtu wasiyemjua jina, wasiyeweza kumhonga kwa siri wala kumtisha kwa kutaja mkewe na watoto wake.

Wavulana walipoisikia habari hiyo walinyamaza, kisha mmoja akauliza, "Babu, mbona huku hakuja?" Nilijua anachokisema, ingawa yeye mwenyewe alikuwa hajazaliwa, kwani ni kisa ambacho kila nyumba hapa hukisimulia. Mnamo Novemba 2011 matingatinga yaliingia Syokimau na kuyaangusha majumba ya watu, serikali ikishikilia kwamba ardhi ile ni ya uwanja wa ndege. Wenye nyumba walisimama kando na karatasi za umiliki mikononi, wakitazama kuta zinavyolala. Niliwaona watu wameketi juu ya viti vya sebuleni katikati ya uwanja, na mvua inanyesha. Sisemi kwamba barakoa ingelizuia tingatinga. Huko Mexico pia si kila mpangaji aliyebaki chumbani mwake. Nasema kwamba swali la mtoto yule lilikuwa swali la haki, na alilipata katika mieleka. Miaka yote niliyofundisha somo la uraia sikuwahi kuulizwa swali lililo bora kuliko hilo.

Wapo watakaosema kwamba mambo hayo ni ya ng'ambo. Sivyo. Mjini Kinshasa wana mieleka yao ya miaka mingi, ambayo wapiganaji huingia na hirizi na mizungu ya uganga, na mji mzima hutoka kuwatazama. Karibu zaidi, Mukono nchini Uganda, vijana wa kike na wa kiume hufanya mazoezi katika ulingo wa matope, kwa kukosa ulingo wa kununua, na mwaka 2023 picha zao zilienea duniani. Nilizitazama kwa makini kama mwalimu. Wanapindukia matope laini, si zege wala kokoto. Aliyewapangia hivyo ana akili kuliko mimi na pazia langu.

Hapo ndipo ninapoleta ombi langu kwa kamati ya mtaa, ambayo itakutana tena mwisho wa mwezi. Marufuku haitafaa kitu. Mtoto aliyekatazwa kutazama kwa kinyozi atatazama kwenye simu chini ya blanketi, na ukuta wa nyumba iliyokwama bado utakuwa pale pale, kwa kuwa hakuna aliyetaja habari za kumtafuta mwenyewe auzibe. Hilo nililitaja mimi katika dakika zangu mbili, na halikuandikwa katika kumbukumbu za mkutano. Kule Mexico mtu hapandi ulingoni kwa kuwa amejisikia. Hufundishwa kwanza kuanguka, kubingirika na kumpokea mwenzake, na jijini Mexico ilikuwepo tume iliyowatahini kabla ya kuwapa leseni. Sisi hapa hatuna wanamieleka, lakini wanasarakasi tunao, tena wa sifa, waliokwisha kuzunguka dunia na sarakasi za wageni. Pale Ngara, Nairobi, palipokuwa sinema ya Shan, upo ukumbi mzima wa kazi hiyo. Na ngoma yetu ya Ukambani yenyewe ni shule ya kuruka na kutua. Inashindikana vipi kumwita kijana mmoja wa fani hiyo kila Jumamosi, tukamlipa nauli na chakula cha mchana, tukatandika magodoro makuukuu katika hema la kanisa, watoto wakafundishwa? Godoro la kwanza nitalitoa mimi. La pili nimekwisha kuahidiwa na kinyozi, ambaye naye ameona kwamba shutuma zote zisiniangukie peke yangu.

Bwana wa suti atasema kwamba fedha hizo ni heri zinunuliwe vitabu. Mimi nimefundisha vitabu tangu ujana wangu hadi kustaafu, na ninavipenda, lakini sijamwona mtoto akikimbia kutoka shuleni hadi nyumbani ili akawahi sura ya nne. Mwaka 2018 serikali ya jiji la Mexico iliutangaza mchezo huu kuwa sehemu ya urithi wa utamaduni wa jiji hilo. Watu walioutangaza hawakuwa wapumbavu, na walijua fika kwamba mshindi hupangwa.

Jumatano nilikwenda kumtazama mgonjwa. Nilichukua maziwa na ndizi, na nilisimama mlangoni kitambo nikijikohoza kabla ya kubisha. Mamake alinikaribisha, akaniwekea kiti, akaleta chai. Hakusema mengi, na sikutarajia aseme. Mtoto alikuwa ameketi kitandani, mkono umefungwa plasta tangu kiganjani hadi juu ya kiwiko. Nikamsimulia kisa cha Tijuana, chote, hata pale wenzake walipodhani kwamba anaigiza. Alisikiliza bila kupepesa. Mamake alikuwa amesimama kizingitini na birika mkononi, naye alisikiliza.

Nilipomaliza, mtoto akauliza kama Rey Mysterio alikwenda mazishini. Nikamwambia sijui. Akafikiri, kisha akaunyosha ule mkono mzito, akanionyesha mahali peupe palipobaki katikati ya majina ya wenzake, akanipa kalamu. "Babu, nichoree ile ya fedha." Nikamtazama mamake. Akaweka birika mezani, akasogeza taa karibu.